Mafuta ya breki si mafuta: kuchagua, kununua na kubadilisha kwa gari za Unguja na Pemba

Jina limewaponza wengi. Tunayaita mafuta ya breki, lakini hayana udugu na oili ya injini, wala mafuta ya gia, wala yale mekundu ya steringi. Ni kimiminika cha jamii ya glaikoli. Ukiyatia kwenye maji huchanganyika nayo yakapotea humo, wakati oili huelea juu. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua ununue yepi, uyahifadhi vipi, na kwa nini gari inayolala Jambiani karibu na bahari inahitaji kubadilishiwa kwa wakati hata kama safari zake ni za dukani na kurudi.

Soma kifuniko kabla ya kwenda dukani

Fungua boneti utafute kikopo cheupe kilicho juu ya masta silinda, yaani pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedeli. Kwa gari nyingi za steringi ya kulia kiko upande wa dereva, kimeegemea ukuta unaotenga injini na chumba cha abiria. Kabla ya kukigusa, futa vumbi na mchanga wote kwa tambara kavu, maana chembe moja ya mchanga ikiingia humo inaweza kukwaruza raba za masta.

Juu ya kifuniko pameandikwa aina inayotakiwa. Gari zilizotoka Japani moja kwa moja mara nyingi hazina neno DOT, alama ya viwango vya Marekani. Zina maandishi ya Kijapani yakifuatiwa na BF-3 au BF-4. Hizo ni alama za viwango vya Japani: BF-3 ichukulie kama DOT 3, na BF-4 kama DOT 4. Kwenye Toyota unaweza kukuta 2500H, nayo pia ni DOT 3. Kama maandishi yamefutika, angalia kitabu cha gari. Usikisie kwa kuangalia gari ya jirani, hata kama ni ya aina moja, kwa sababu ya mwaka tofauti inaweza kuwa na mfumo tofauti.

Namba zina maana gani

Viwango vya DOT ni vya Marekani, na kinachoangaliwa zaidi ni joto la kuchemka. Kila aina ina vipimo viwili vya chini: cha kwanza yakiwa mapya makavu, cha pili yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 hivi.

- DOT 3: nyuzi 205 za Selsiasi yakiwa mapya, nyuzi 140 yakiwa na maji.
- DOT 4: nyuzi 230, kisha 155.
- DOT 5.1: nyuzi 260, kisha 180.
- DOT 5: nyuzi 260, kisha 180, lakini hii ni silikoni, rangi yake zambarau, na haina nafasi kwenye gari yako.

Tazama namba hizo tena. DOT 4 iliyojaa maji inachemka kwenye nyuzi 155, wakati DOT 3 ya jana inafika 205. Kwa hiyo anayejivunia kwamba alitia DOT 4 miaka minne iliyopita ana breki dhaifu kuliko aliyetia DOT 3 ya kawaida mwezi uliopita. Visiwani kwetu, upya una thamani kuliko namba.

Kuhusu kupanda na kushuka daraja: gari inayotaka DOT 3 inaweza kupewa DOT 4 bila madhara, na kwa daladala au gari ya kupeleka wageni tungeshauri hivyo. Inayotaka DOT 4 usiishushe kwenda DOT 3. DOT 5.1 inakubalika kwa zote mbili, ila kwa IST au Vitz ya kwenda kazini ni kutupa pesa. Gari za Ulaya za miaka ya karibuni zina mtego wake: baadhi zinataka DOT 4 nyepesi, inayoitwa daraja la 6 katika kiwango cha ISO 4925, kwa sababu vali za ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki) na za kuzuia gari kuteleza zinahitaji kimiminika kinachopita haraka. Hapo herufi DOT 4 peke yake hazitoshi. Tafuta chupa iliyoandikwa daraja hilo au LV, yaani nyepesi.

DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 zinaweza kuchanganyika bila kuharibu raba, lakini mchanganyiko hubeba udhaifu wa ile ya chini. Ukijazia DOT 4 kidogo juu ya DOT 3, usijihesabu umepanda daraja. DOT 5 haichanganyiki na yoyote kati ya hizo. Majina ya 5 na 5.1 yanafanana kwa namna ya kuudhi, basi soma chupa nzima: yenye neno SILICONE bila NON mbele yake iache rafuni.

Maji yanaingiaje mfumo uliofungwa

Yanapita kwenye tundu dogo la kupumulia la kifuniko, na yanapenya polepole kwenye mipira ya breki inayokwenda magurudumuni. Hewa yetu ina unyevunyevu mwaka mzima, na masika inapoingia Machi hadi Mei hata chumvi ya mezani haimwagiki. Mafuta ya breki hufanya kama chumvi hiyo.

Maji hayo yana kazi mbili mbaya. Ya kwanza ni kutu: pistoni za kalipa (chuma kinachobana pedi kwenye diski) na kuta za silinda huliwa kutoka ndani, nje hakuna kinachoonekana. Ya pili ni mvuke. Diski ikishika joto la nyuzi 300 au zaidi, sehemu ya joto hilo hupita kwenye pedi na pistoni hadi kwenye mafuta. Yakichemka, mapovu ya mvuke hutokea ndani ya kalipa. Kimiminika hakibonyei, mvuke hubonyea. Unakanyaga, pedeli inakwenda hadi chini, gari inaendelea.

Pemba ndiyo inayofichua hili mapema. Barabara ya Chake kwenda Wete ni kilima na bonde, kilima na bonde, na gari iliyosheheni magunia ya karafuu ikishuka huku dereva ameegemeza mguu kwenye breki haipati nafasi ya kupoa. Unguja ni tambarare zaidi, lakini usidanganyike. Daladala inayosimama kila kituo kutoka mjini hupasha breki kwa njia yake, na chumvi ya bahari hukwamisha pini za kalipa, pedi ikawa inasugua diski hata mguu ukiwa umeondoka.

Hapa watu hukosea kutambua. Pedeli ikiwa ngumu kama kawaida lakini gari haisimami, kilichoshindwa ni pedi: zimepata moto kupita kiasi, zimelowa au zimepata mafuta. Pedeli ikiwa laini au ikizama baada ya mteremko, kisha ikarudi gari ikipoa nusu saa, hayo ni mafuta yaliyochemka. Kubadilisha pedi hakutaponya ugonjwa wa pili.

Dukani

Uwe Mwanakwerekwe au Chake, usiseme tu "nipe mafuta ya breki". Sema: "Nataka DOT 4, lita moja, haijafunguliwa." Kisha angalia mwenyewe:

Chini ya kifuniko pawe na karatasi ya fedha au muhuri usiokatwa. Chupa isiwe imefifia kwa jua la dirishani. Rangi ya kilichomo iwe kama maji au ya asali nyepesi sana. Kuwe na tarehe ya kutengenezwa au ya kwisha.

Usikubali kupimiwa kutoka kwenye dumu hadi kwenye chupa ya maji ya kunywa, hata kama muuzaji ni mtu wako. Kila dumu linapofunguliwa linakunywa hewa ya siku hiyo, na chupa ya maji iliyosuuzwa huwa na matone ukutani. Nunua ukubwa unaouhitaji. Lita moja inatosha kubadilisha yote kwenye gari ndogo. Hiace ichukulie lita moja na nusu. Kinachobaki usikiweke mwaka mzima kwa ajili ya kujazia.

Ukiwa na shaka na chupa, kuna kipimo cha bei ya bure. Tia vijiko viwili vya maji kwenye glasi, dondoshea matone kumi ya hayo mafuta, koroga. Ya glaikoli yatapotea majini. Yakielea juu na kutengeneza duara, ni oili ya madini au silikoni, na hayaingii kwenye gari yako. Kipimo hiki hakikuambii kama ni DOT 3 au DOT 4, wala kama yamezeeka. Kinakuambia tu kama ni jamii yake. (Baiskeli za breki za maji za Shimano hutumia oili ya madini. Anayekodisha baiskeli na gari pamoja aweke chupa zake mbali mbali.)

Kabla ya kujazia, jiulize yamekwenda wapi

Mafuta kwenye kikopo yakishuka kuelekea mstari wa MIN, usikimbilie kumimina. Mfumo umefungwa, hauli mafuta. Ama pedi zimelika, pistoni zimetoka nje zaidi na mafuta yamezifuata, ama kuna uvujaji. Kagua pedi kwanza. Ukijazia hadi MAX pedi zikiwa zimekwisha, siku ya kutia mpya pistoni zitarudishwa ndani, mafuta yatafurika na kula rangi ya gari. Kama pedi ni nzima, tafuta unyevu nyuma ya kila gurudumu, kwenye maungio ya paipu, na chini ya pedeli ndani ya gari.

Gusa pia raba ya kifuniko. Ikiwa imevimba, laini kama ufizi, na hairudi mahali pake, mtu amewahi kutia oili ya madini humo. Hili halitibiwi kwa kubadilisha mafuta. Raba zote za masta, kalipa na silinda za magurudumu, pamoja na mipira, zinatolewa na kutiwa mpya, na paipu husafishwa. Gari isiendeshwe hata kidogo hadi hapo.

Rangi si kipimo cha kutegemea. Meusi ni machafu kweli, lakini yanayong'aa yanaweza kuwa yamejaa maji. Kalamu za kupimia zenye taa husaidia kukisia tu. Kifaa kinachochemsha sampuli ndicho cha kuaminika, na si kila gereji inacho. Kwa hiyo fuata kalenda: kila miaka 2 kwa gari ya nyumbani, kila mwaka kwa daladala, teksi na gari ya wageni. Gari iliyoshuka bandarini kutoka Japani hesabu kwamba historia yake huijui, badilisha mara moja.

Kubadilisha, hatua kwa hatua

Prius, Aqua na gari nyingine za haibridi zenye breki za umeme ziache kwa fundi mwenye mashine ya kompyuta. Pampu yake inaweza kujiwasha hata kwa kufungua mlango tu. Yafuatayo ni kwa gari za kawaida.

Tayarisha mafuta mapya, jeki na stendi mbili, spana ya pete namba 8 na 10, mpira mwembamba wa plastiki unaoonesha ndani wenye urefu wa nusu mita, chupa tupu ya nusu lita, bomba jipya la sindano la ml 50 au 60, kipande cha ubao, matambara, ndoo ya maji, na mtu wa kukanyaga.

1. Jioni ya kabla yake, safisha kila nipeli (skrubu ndogo ya kutolea mafuta na hewa nyuma ya kila gurudumu) kwa brashi ya waya na uipulizie dawa ya kutu, bila kugusa diski wala pedi. Kwa gari za ufukweni hatua hii usiiruke. Nipeli iliyoshikwa na chumvi hukatika kama chaki, na ikikatika unanunua kalipa.

2. Chagua siku kavu. Egesha pahali tambarare, weka kabali, inua na utegemeze kwenye stendi. Tofali la simenti lenye matundu si stendi. Hupasuka bila kutoa taarifa.

3. Nyonya mafuta ya zamani kwenye kikopo kwa bomba la sindano, futa tope la chini kwa tambara lisilotoa nyuzi, jaza mapya hadi MAX. Pedeli isiguswe mpaka hapo. Ukiruka hatua hii utakuwa unasukuma uchafu wa kikopo katika paipu zote.

4. Weka ubao chini ya pedeli ili isifike sakafuni. Kwenye masta ya zamani sehemu ya mwisho ya silinda haijawahi kutumika na ina kutu. Raba zikisukumwa huko hukwaruzika, na gari iliyoingia na breki nzuri hutoka na masta inayovuja.

5. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Kwa steringi ya kulia ni nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Baadhi ya gari za ABS zina mpangilio wao. Kitabu kikisema tofauti, kifuate. Hiace na baadhi ya pikapu zina vali ya mzigo karibu na ekseli ya nyuma yenye nipeli yake, usiisahau.

6. Vesha spana ya pete kwanza, kisha mpira juu ya nipeli. Ncha ya pili izame kwenye mafuta mapya kidogo ndani ya chupa, na mpira upande juu kabla ya kushuka ili mapovu yasirudi.

7. Sema "Kanyaga." Msaidizi anakanyaga taratibu na kushikilia. Legeza nipeli robo hadi nusu mzunguko. Mafuta yanatoka, pedeli inashuka. Funga. Ndipo useme "Achia." Ukimwambia aachie kabla hujafunga, mfumo unavuta hewa, na kazi inaanza upya. Mkubaliane kwamba naye anarudia neno kwa sauti kabla ya kusogeza mguu.

8. Rudia hadi yatoke masafi bila povu. Magurudumu ya nyuma hula kiasi cha ml 200 hadi 250, ya mbele ml 150 hivi. Kila baada ya mikanyago mitano ongeza kwenye kikopo. Kikikauka, hewa inaingia kwenye masta, na kwa gari ya ABS kuitoa kunaweza kuhitaji kompyuta.

9. Kaza nipeli kwa nguvu ya kifundo cha mkono, si ya bega: Nm 8 hadi 10 zinatosha. Rudisha kofia ya mpira. Ndiyo inayozuia chumvi. Pale palipodondoka mafuta pamwagie maji mengi papo hapo. Kufuta tu kwa tambara kunayasambaza kwenye rangi.

10. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga kwa nguvu ushikilie sekunde 30. Pedeli isizame. Washa injini huku umekanyaga: itashuka kidogo kwa kazi ya busta, kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu injini ikiwaka, kisha isimame. Jaribu kwa mwendo wa kutembea uwanjani kabla ya kuingia barabarani.

Gari ya gia za mkono mara nyingi hutumia kimiminika hicho hicho kwenye klachi, kwa kikopo chake au cha pamoja. Kibadilishe siku hiyo hiyo.

Ikienda kombo

Pedeli laini inayokazika ukiipampu mara mbili tatu bado ina hewa: rudia mzunguko wote, na ukague kama shuu za nyuma hazijalegea sana, kwani nazo hutoa dalili hiyo hiyo. Pedeli inayozama polepole ukiishikilia, na hakuna uvujaji nje, raba za masta zimekwisha. Gurudumu moja likiwa la moto kuliko mengine baada ya safari fupi, kalipa au pini zake zimekwama. Mafuta mapya hayatalifungua. Na mpira wa breki uliovimba ndani huruhusu mafuta kwenda na kuyakatalia kurudi: ukilegeza nipeli gurudumu likaachia ghafla, hata kama mafuta hayatoki kwa kasi, shuku mpira huo kabla ya kununua kalipa.

Yaliyotoka

Usiyarudishe kwenye gari, hata kama yamechujwa yakaonekana safi. Usiyamwage shimoni wala nyuma ya nyumba. Ardhi ya jiwe la matumbawe hupitisha haraka, na visima vyetu viko chini yake. Yafunge kwenye chupa yenye alama inayoeleweka, mbali na watoto kwa sababu yana utamu na ni sumu, uyapeleke kwenye gereji inayokusanya oili chafu, lakini kwenye dumu lake peke yake.

Kata kipande cha plasta, andika tarehe na aina uliyotia, kibandike ubavuni mwa kikopo. Fundi atakayefungua boneti hiyo baadaye hatalazimika kukisia.